Mama Dagaa na Hesabu za Chuo

Aliyenifundisha kalkulasi hakuwa na cheti cha chuo. Alikuwa na magunia ya dagaa. Naanza hapo kwa sababu watu wengi wa Bariadi wanamjua kwa dagaa tu, na nikiwaambia kwamba yule mama wa sokoni ndiye aliyenifanya niwe mwalimu wa fizikia, wananitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Sitaeleza alizaliwa lini wala ukoo wake ni upi. Hayo wenyewe wa Lamadi, kwao ziwani, wanayajua. Nitaeleza ninayoyajua mimi, pamoja na jambo moja lililotukosesha raha wanafunzi wake wote: mwanamke huyu, aliyeweza kufungua swali lolote tulilomletea, alikuwa ameapa kwamba hataingia tena katika chumba cha mtihani. Aliwahi kufika chuo, akafeli, akaondolewa, akarudi kuuza dagaa. Tulimwomba arudi. Tulimchokoza. Mimi nilifikia hata kumnunia. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Mimi na karatasi ya mtihani tulishaachana, na hatukuzaa mtoto wa kutupatanisha."

Nilimfahamu nikiwa na sapu. Asiyejua sapu ashukuru Mungu: ni mtihani wa kurudia somo ulilofeli, na ukifeli tena chuo kinakuambia kwaheri. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili, nimefeli kalkulasi vizuri kabisa, nimerudi nyumbani Migato wakati baba anapeleka pamba kwenye mizani. Nilimwambia niko likizo. Moyoni nilikuwa nimeshakufa nusu. Kijana mmoja wa Shishiyu, aliyekuwa anasoma uhandisi chuo kingine, ndiye aliyenielekeza. "Nenda kwa Mama Dagaa sokoni Bariadi, pale jirani na wanaouza michembe," akaniambia. "Ila usiende na karatasi nyeupe." Nilidhani ananitania, nikaenda na daftari jipya.

Nikamkuta amekaa juu ya gunia, mikono imezama kwenye ungo wa dagaa, midomo inaimba sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya. Nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Kisado kizima au nusu?"

"Sijaja kununua, mama. Nimekuja na hesabu."

"Umetokea wapi?"

"Migato."

"Haya, Migato. Lete kosa lako."

"Kosa gani?"

"Ulilolifanya. Hesabu umekuja nayo, kosa liko wapi?"

"Sijafanya kitu bado. Sijui pa kuanzia."

"Yaya, mwanangu," akasema, akatikisa kichwa, na mikono ikarudi kwenye ungo. "Karatasi nyeupe siisomi. Nenda kakosee kwanza, halafu uje tuongee."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na sijaona mwalimu mwingine mwenye kanuni kama hiyo. Hakupokea swali, alipokea kosa. Ukimletea ukurasa mtupu anakuuzia dagaa. Ukimletea ukurasa uliofutwafutwa anakasirika, kwa sababu kosa lililofutwa, alisema, ni sawa na mgonjwa aliyejipaka poda kabla ya kumwona daktari. Kosa ulipige mstari mmoja, libaki linasomeka.

Nilikwenda kukaa kwa muuza michembe, kando ya viazi vyake vilivyokaushwa, nikafanya swali langu huku naona aibu. Lilihusu tangi lenye umbo la koni, maji yanaingia kwa kasi ileile, nawe utafute kina kinapanda kwa kasi gani maji yakifika kipimo fulani. Nikachukua kile kipimo, nikakiweka kwenye fomula, ndipo nikatafuta kasi ya badiliko. Jibu likatoka sifuri. Nikampelekea nikitegemea matusi. Yeye akaliangalia, akacheka kwa furaha kabisa, akapiga paja.

"Hili ni kosa zuri, Migato. Hili nimelisubiri wiki nzima. Njoo hapa."

Akachukua sinia, akajaza dagaa kwenye bakuli, akaanza kumimina taratibu katikati ya sinia. Lundo likaanza kuota.

"Lina kimo gani sasa hivi?"

"Kama kidole kimoja."

"Linapanda?"

"Linapanda."

"Sasa piga picha kwa simu yako." Nikapiga. "Kwenye hiyo picha, linapanda?"

"Halipandi. Ni picha."

"Ndicho ulichofanya. Umeweka namba mapema, umelipiga picha lundo, halafu unaliuliza mbona hukui. Acha likue kwanza. Tafuta kasi wakati bado linakua, namba utaweka mwisho."

Akaendelea kumimina, akaniambia nitazame vizuri. Mkono wake ulimwaga vilevile, lakini lundo lilianza kwa kupanda haraka, kisha likawa linapanda kwa kujivuta, maana kila linapokua kitako chake kinakula dagaa wengi zaidi. Nilikuwa nimesoma habari hiyo mwaka mzima kwenye vitabu bila kuiona, na sasa iko kwenye sinia, inanuka ziwa. Nilifanya swali palepale, jibu likatoka, likalingana na la nyuma ya kitabu. Nakumbuka nilisimama na kukaa, nikasimama tena. Nilitaka kumwambia mtu, na pale alikuwepo muuza michembe tu, nikamwambia yeye. Akasema hongera na kuniuliza kama nimeolewa.

Tangu siku hiyo nilitoka Migato karibu kila asubuhi. Tulikuwa watatu, wakati mwingine wanne, na kila mmoja alimwita kwa mahali alikotoka: mimi Migato, yule wa uhandisi Shishiyu, mwingine Malampaka. Majina yetu alikuwa anayajua. Alisema tu kwamba jina la mtu linamfanya amwonee huruma, na huruma inaharibu hesabu. Malipo yalikuwa kuchambua mchanga kwenye dagaa. Unakaa na ungo mapajani, unatoa mchanga na vijiwe, yeye anakuuliza. Ukisema unataka kalamu, anakataa. "Bado. Niambie kwanza kwa mdomo. Mikono ikiwa na kazi kichwa kinatulia." Na ni kweli, mpaka leo nikikwama mahali nachambua mchele, hata ukiwa safi.

Fizikia aliipenda kuliko hesabu, nadhani kwa sababu fizikia inagusika. Shishiyu alileta kosa la kitu kinachoteleza kwenye mteremko. Alikuwa amechanganya pembe, msuguano ukamtokea mkubwa kuliko uzito wenyewe. Mama Dagaa akaazima ubao kwa fundi seremala na tofali kwa wajenzi. Tukaweka tofali juu ya ubao, tukawa tunainua ncha moja polepole mpaka tofali likaanza kuteleza, tukapima kitako cha mteremko na kimo chake. Kimo ukikigawa kwa kitako unapata kile kipimo cha msuguano ambacho Shishiyu alikuwa anakiandika tu kama herufi ya Kigiriki. Kisha akapaka ubao mafuta ya dagaa na kuturudisha mwanzo. Wateja wakasimama kutazama, na wawili wakaanza kushindana kwa maneno kuhusu tofali litaondoka wapi. Mmoja, mzee wa mifugo, alisema litaondoka palepale pa kwanza, maana tofali ni lilelile. Lilipoondoka mapema zaidi alituambia tumelisukuma. Ikabidi turudie mara tatu hadi aridhike, na alipoondoka alikuwa anawaeleza wenzake habari hiyo kana kwamba ni yeye aliyeivumbua.

Karatasi zetu za makosa zikishatumika, alifungia dagaa. Ndiyo, hivyo hivyo. Alisema kosa likishaeleweka halina kazi nyingine. Kwa hiyo kalkulasi ilienda majumbani Bariadi nzima ikiwa na magamba. Siku moja mwalimu wa sekondari alirudi sokoni anahema, karatasi mkononi, dagaa ameacha nyumbani mezani.

"Mama, hii hesabu imeishia katikati. Nusu nyingine iko wapi?"

"Nimemfungia mama mmoja wa Somanda."

"Nyumba gani?"

Alimwelekeza, naye akaenda. Tulicheka mpaka Malampaka akamwaga ungo. Nadhani sijawahi kuwa na furaha ya aina hiyo darasani, ya kuona mtu mzima akifukuzia nusu ya hesabu mitaani kama kuku aliyepotea.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na ubishi wa kuchosha. Kikokotoo alikikataza mbele yetu, kumbe anacho, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kanga. Nilimfuma siku moja anahakiki jibu langu kwa siri, akaniambia anaangalia saa. Alitusisitiza tusikimbilie jibu, lakini mmoja wetu akimtangulia kumaliza ananuna mpaka adhuhuri. Kanisani alikuwa mpole, sokoni akigombana na dereva wa gari la mizigo unatamani kuziba masikio. Na kitu kimoja kilizidi vyote: hakuamini asichokishika. Akienda Lamadi kununua gunia, wenzake wanatazama mdomo wa gunia na kunusa. Yeye anatia mkono mpaka begani, anatoa dagaa wa chini kabisa, anawaweka kiganjani na wa juu, anawalinganisha. Wavuvi walikuwa wakimwona anakuja wanaanza kuguna.

Makosa yake mwenyewe aliyapenda pia. Nilimkamata mara moja tu. Alikuwa anajumlisha vipande vidogo vidogo ili apate ujazo, akasahau kwamba kipenyo si nusu kipenyo, jibu likatoka mara nne ya linalotakiwa. Nilimwonyesha nikiwa na woga. Alitazama, akatazama tena, halafu akamwita muuza michembe: "Njoo uone, nimekosea." Siku nzima aliwaonyesha watu, uso umemwangaza, kama aliyepata mjukuu. Ndiyo maana sikuelewa. Mtu asiyeogopa kukosea mbele ya soko zima anaogopaje mtihani?

Nilimuuliza, na siku hiyo alinijibu. Mikono haikuacha kuchambua.

"Lilikuwa swali la nafaka. Nafaka inadondoka kutoka kwenye bomba, inafanya lundo. Chukulia kwamba lundo ni koni, na kimo ni nusu ya kitako wakati wote. Mimi nimekulia kwenye malundo, Migato. Lundo halipandi hivyo. Linapanda, linaporomoka, linapanda tena. Nikasema hawa wamekosea. Nikaanza kulifanya kama linavyoporomoka kweli."

"Ukalipata?"

"Saa mbili zikaisha. Mtihani ulikuwa wa saa tatu. Maswali mengine sikuyagusa."

"Na sapu?"

"Sapu nilipofungua karatasi, kila swali lina chukulia yake. Kamba haina uzito. Hewa haizuii. Nikaona wananidanganya wote kwa pamoja. Nikaweka kalamu chini." Akatoa kijiwe kwenye ungo. "Nilitoa karatasi nyeupe, mwanangu. Mimi."

Niliumia. Hapo nikajua ile kanuni ya karatasi nyeupe ilikotoka, na nikajua pia kwamba siwezi kuliacha jambo hili lipite. Sapu yangu nilikwenda kuifanya nikafaulu, nikarudi kumwambia, akafurahi kuliko baba yangu, ambaye hata hivyo hakuwahi kujua kwamba nilifeli. Nikaendelea kumtembelea kila likizo mpaka nilipomaliza chuo. Na kila likizo nilimrudia: kuna vyuo vinafundisha kwa masafa, unasomea nyumbani, mtihani unafanyia hapahapa Bariadi. Kila likizo aliniambia habari za kuachana na mtihani.

Mara ya mwisho tuligombana kweli. Nilikuwa nimepata ajira ya kufundisha huko Maswa, nimekuja kuaga, nikiwa na kiburi cha mshahara wa kwanza.

"Wanataka uongo mdogo wenye adabu," alisema. "Mimi adabu hiyo sina."

"Mama, ile siku ya kwanza ulinimwagia dagaa kwenye sinia ukaniambia ni koni."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia kwamba linaporomoka?"

Akasimamisha mikono. Sikuwahi kuona mikono ile imesimama mchana.

"Wewe ulikuwa na sapu," akasema. "Ningekuambia yote ungezama."

"Na wewe nani alikuwa akuambie kidogo kidogo?"

Mteja alikuja, akampimia kisado, akakijaza kwa kilele kirefu kuliko kawaida. Kisha akaniambia bila kunitazama kwamba basi la Maswa haliningoji mimi. Niliondoka na hasira na aibu. Nilijiambia mtoto wa juzi amemfundisha mama yake kupika, na mama amekasirika kwa haki. Mwaka mzima sikukanyaga sokoni. Nilipita Bariadi mara mbili nikakaa upande wa pili wa basi.

Halafu mwaka huu nikaombwa kusimamia mitihani ya wale wanaosoma kwa masafa. Ilikuwa kwenye ukumbi wa shule moja hapo Bariadi. Watahiniwa walikuwa wachache: askari, wauguzi, walimu wa shule za msingi, watu wazima wenye kalamu tatu tatu. Wakaingia kwa foleni, nikawa nakagua vitambulisho. Nikapokea kimoja, nikakitazama, nikainua macho. Alikuwa amevaa gauni la kwaya na viatu vya kufunga. Hanuki dagaa kabisa. Akanitazama kama mtu asiyenijua, akachukua kitambulisho chake, akaenda kukaa kiti cha pembeni, ukutani.

Niseme ukweli, nilitaka kupiga vigelegele katikati ya ukumbi wa mtihani. Nilibana meno. Nikasoma masharti, nikagawa karatasi, nikasema wanaweza kuanza. Lakini furaha ile ilidumu nusu saa tu, kwa sababu nilikuwa na nakala ya mtihani mezani, nikaifungua, nikafika swali la tatu. Ngazi imeegemea ukuta. Chukulia kwamba ukuta ni laini, hauna msuguano wowote.

Nikawa namtazama yeye tu. Swali la kwanza aliandika haraka, la pili akaandika. Akafungua ukurasa. Akasoma. Kalamu ikashuka mezani. Nilijua amefika kwenye ngazi, na nilijua pia kwamba siruhusiwi kusema hata neno moja. Akainua mkono wa kushoto, akaupitisha polepole kwenye ukuta uliokuwa ubavuni mwake. Ukuta wa ukumbi ule umepigwa lipu ya mchanga mnene, unakwaruza mpaka nguo. Akaupapasa tena, kwa kiganja chote, kuanzia usawa wa bega mpaka chini. Dakika zikapita. Nilikwenda mwisho wa ukumbi na kurudi ili nisimtazame, nikamtazama.

Akatoa mkono ukutani. Akaukung'uta vumbi. Akachukua kalamu, akaandika, wala hakusimama tena. Swali la nne, la tano. Robo saa kabla ya mwisho akanyoosha mkono. Nilimfikia karibu kwa kukimbia.

"Naomba karatasi nyingine, mwalimu," akasema.

Hakuwahi kuniita mwalimu kabla ya hapo. Nilimpa karatasi, nikarudi mezani nikageuka kidogo kuelekea dirishani, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na msimamizi halii.

Muda ulipokwisha nilipita kukusanya. Alinikabidhi zake zimefungwa vizuri kwa uzi, akatoka bila neno, kichwa juu, kama anawahi basi. Sheria inanitaka nihesabu karatasi za kila mtahiniwa, kwa hiyo nilizihesabu. Maswali matano, majibu matano. Karatasi ya mwisho, ile aliyoniomba, haikuwa na namba ya swali. Alichora ngazi ileile imeegemea ukuta, akaweka msuguano ukutani na sakafuni, akaifanya upya kuanzia juu mpaka chini, hatua kwa hatua, na pale katikati alipokosea amepiga mstari mmoja. Juu kabisa, kwa Kiswahili, alikuwa ameandika: "Hii ni yangu mwenyewe. Msiisahihishe."